Simu mpya na vipimo vya binti wa Songea

Mhariri, swali lenu la wiki hii mmeuliza: "Je, uko tayari kuhama kutoka chapa ya simu uliyoizoea kwenda nyingine, na kwa sababu gani?" Nililisoma nikiwa kazini nikasimamisha cherehani. Jibu langu ni hapana. Sihami. Nawaomba wale wanaowahimiza mama zao na shangazi zao kubadili simu wanisome mpaka mwisho.

Vijana wa hapa Morogoro wakibishana habari za simu hubishania kamera, chaji na jina lililoandikwa mgongoni. Mengi kati ya hayo kwangu ni madogo. Anayetoka Tecno kwenda Infinix amehama chumba tu, nyumba ni ile ile, kwa sababu zote mbili pamoja na itel ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen, China. Chaja nayo ilikuwa sababu zamani. Tangu iPhone 15 ya mwaka 2023 hata Apple wametumia tundu la USB-C, na Ulaya wameliwekea sheria iliyoanza Desemba 2024, kwa hiyo waya mmoja karibu unatosha nyumba nzima. Pesa nayo haimo kwenye simu, imo kwenye laini. Ukiitoa laini kwenye simu janja na kuitia kwenye kitochi, ukabonyeza *150*00# ya M-Pesa, salio lako utalikuta kama ulivyoliacha.

Wapo pia ambao hawakuulizwa kama wanataka kuhama. Mnakumbuka Juni 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu feki usiku wa tarehe 16. Wiki zile kila mtu alikuwa akibonyeza *#06# kuangalia IMEI, namba ya utambulisho wa simu. Wapo na walio kwenye simu za mkopo za kulipa kila siku, ambao ukiwaambia habari za kuhama unawaonea tu, maana simu hiyo bado haijawa yao.

Ninalouliza mimi ni hili: simu uliyo nayo, huko ndani yake unajulikana kwa jina la nani? Mimi sikuwa najua mpaka Novemba 2022.

Mwezi ule nilikuwa na kazi ya sare za wapambe 11, satini ya zambarau, harusi Jumamosi ya pili ya Desemba. Mabinti sita walikuwa hapa hapa mjini. Hao niliwapima kwa mkono wangu, nikaandika daftarini kama nilivyofundishwa: mabega, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, urefu wa gauni. Watano walikuwa mbali: wawili Dar, mmoja Dodoma, mmoja Mwanza, mmoja Songea. Hao walipimwa na mafundi wa huko wakanitumia vipimo kwa WhatsApp. Wengine waliandika, wa Songea akatuma sauti. Mpaka leo naisikia sauti yake: "Shikamoo mama fundi, samahani nimechelewa, andika basi..." kisha anataja namba moja moja, nyuma yake jogoo anawika. Sikuandika. Nilijiambia sauti ipo, nitaisikiliza siku ya kukata.

Simu yangu ya wakati ule nilikuwa nayo tangu 2018. Kioo kilikuwa kimepasuka, upande wa kulia hakikuitikia kidole. Betri lilivimba hadi mfuniko wa nyuma ukanyanyuka. Binti yangu wa mwisho akaniletea simu mpya ya chapa nyingine kabisa, zawadi, na nilifurahi sana. Nikaenda kwenye duka moja karibu na kituo cha daladala ili wanihamishie vitu vyangu. Sitataja duka wala chapa za simu zile mbili, kwa sababu simu zenyewe hazikukosa.

Kijana wa pale alikuwa na adabu. Akanipa kiti, akasema, "Mama, dakika 20 tu, kila kitu kinahamia huku." Halafu akaniuliza email yangu ni ipi. Nikamwambia mwanangu, sina email. Akacheka kwa upole, akanionyesha kwenye simu ya zamani: ipo. Ilikuwa jina nisilolijua lenye tarakimu nyingi nyuma yake. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba mwaka 2018, niliponunua ile simu kwenye duka jingine, kijana wa huko ndiye aliyeniwashia. Alijibu maswali yote ya mwanzo yeye mwenyewe, akaweka nywila aliyoijua yeye, na namba ya kuirejesha akaweka ya kwake. Duka lile lilikuwa limeshafungwa, na kijana mwenyewe sikupata mtu wa kuniambia alikohamia.

Fikirini jambo hilo. Laini zetu serikali ilitaka tuziandikishe kwa alama za vidole na namba ya NIDA, mwisho ukawa Januari 2020, watu tukapanga foleni juani. Lakini akaunti inayobeba picha, majina na mazungumzo ya mtu tulimwachia kijana wa dukani aifungue kwa jina la kubuni kwa sababu tulikuwa na haraka ya kurudi nyumbani.

Kijana huyu wa duka la pili akajaribu nywila mbili tatu za kukisia, zikakataa. Nilikuwa nimemwambia kwamba simu ya zamani nitampa mtoto wa dada yangu. Akaona aisafishe kwanza, na kwa vile kioo hakikuitikia vizuri akabana vitufe vya pembeni mpaka ikaanza kujifuta. Alidhani mazungumzo yangu yamehifadhiwa mtandaoni na kwamba nikiingiza namba yangu kwenye simu mpya yatashuka yenyewe. Namba ikaingia, ujumbe wa uthibitisho ukaja, na magrupu yote yakarudi: kikoba, jumuiya, kamati ya harusi. Majina ya magrupu tu, ndani hamna neno hata moja. Nakala zilikuwa zimefungwa kwenye ile email ya tarakimu, na email hiyo haikuwa na mwenyewe. Ile ya zamani nayo ilipowaka ikadai akaunti ileile iliyokuwamo kabla ya kufutwa, kinga iliyowekwa kwenye Android ili mwizi asifaidi. Siku ile mwizi alikuwa mimi.

Picha za mishono zilipona kwa kuwa zilikuwa kwenye memori kadi. Waliokuwa wameandika vipimo, niliwapigia wakaviandika upya siku ileile, Mungu awabariki. Yule wa Songea hakupatikana. Alikuwa amekwenda msibani kijijini kwa bibi yake, na huko mtandao haushiki. Nilipiga asubuhi, mchana na usiku kwa siku tisa. Kazi haikuweza kusubiri, satini ilikuwa mezani na wengine kumi walikuwa wanangoja kupima mara ya kwanza. Nikamkata kwa kumtazama kwenye picha ya kamati na kwa kumlinganisha na binamu yake, ambaye kila mtu aliniambia wanalingana.

Hawakulingana. Alishuka stendi ya mabasi ya Msamvu Ijumaa saa mbili usiku akaja moja kwa moja kwangu na begi lake. Gauni lilimkaa vizuri kiunoni, lakini kifuani zipu iliacha nafasi ya vidole vinne. Nilikuwa nimeacha pindo la inchi moja kila upande. Nikalifungua lote, bado halikutosha. Kilichobaki cha satini kilikuwa vipande vya kufutia mashine. Nikaviunganisha, nikamtilia kipande chini ya kwapa huku na huku, nikakaa hadi saa tisa za usiku. Yeye alilala kwenye mkeka pembeni yangu, kila nikimwamsha kumpima anainuka bila kulalamika. Kesho yake ukumbini wenzake wakiingia kwa kucheza walinyanyua mikono juu. Yeye alicheza mikono ikiwa imebana ubavuni, kipande kisionekane. Nilikuwa nimekaa meza ya nyuma na watu wa mapambo. Wimbo ule sikuweza kuutazama mpaka mwisho.

Mama wa bibi harusi hakunisema, alinilipa yote. Lakini mwaka uliofuata mdogo wake alipomwoza mtoto wake, sare zilishonwa na fundi mwingine, Kihonda.

Tangu siku hiyo kila anayeniambia "badilisha, kuna simu nzuri zaidi" namjibu kwamba ninayo. Mwaka jana binti yangu alitaka kuninunulia nyingine, nikamkatalia kwa ukali ambao baadaye ulinisumbua.

Nilikusudia kuishia hapo. Lakini jana usiku, nikiandika barua hii, nilifungua simu yangu ya sasa ili niandike kwa uhakika. Akaunti iliyomo ni yangu, ina jina langu kamili. Niliifungua Desemba ileile 2022 mpwa wangu akinielekeza, kila herufi nikiibonyeza mwenyewe. Nywila ipo daftarini, kwenye ukurasa ambao mteja hauoni. WhatsApp inaonyesha kwamba ilihifadhi nakala saa nane usiku, nikiwa nimelala. Mpwa wangu huyo ameniambia pia kwamba tangu 2023 WhatsApp yenyewe ina njia ya kuhamisha mazungumzo kutoka simu ya Android kwenda Android nyingine bila kupitia mtandaoni: unaziweka simu mbili pamoja, moja inaskani msimbo wa nyingine. Hata kati ya iPhone na Android njia ilifunguliwa, kwanza kwenda Samsung mwaka 2021, kisha kutoka Android kwenda iPhone 2022. Nililokuwa nikiliogopa mwaka ule limepungua sana, na sehemu kubwa ya kupungua kwake niliifanya mwenyewe bila kujitambua.

Kwa hiyo nabadili jibu langu, na sioni aibu kulibadilisha mbele yenu. Nadhani nitahama. Simu yangu imeacha kupata masasisho ya programu, wakati Samsung tangu Galaxy S24 ya mwaka 2024 wameahidi miaka 7 kwa simu zao kubwa, na wameanza kuongeza miaka hata kwa baadhi ya zile za bei ya kwetu. Fundi anayeweka vipimo vya watu kwenye simu anahitaji simu itakayodumu.

Lakini sihami hivi hivi. Sihami ndani ya msimu wa harusi. Vipimo vyote vitaingia daftarini kwanza, vya sauti na vya kuandikwa, hata kama itanichukua wiki. Simu ya zamani haifutwi, itakaa kabatini ikiwa na chaji miezi mitatu, na mtoto wa dada atasubiri. Dukani sitoki kabla sijaona kwa macho yangu mazungumzo ya mwaka jana yakifunguka kwenye simu mpya. Na kwenu mnaowanunulia wazazi simu, kaeni nao wafungue akaunti kwa majina yao, msiwafungulie ninyi.

Limebaki moja, kioo. Simu ambayo kioo chake lazima kiagizwe Kariakoo itaniweka wiki bila kazi siku ikidondoka. Leo asubuhi nimepita kwa fundi wangu wa simu pale Msamvu nikamtajia aina ninayoifikiria. Amesema cha aina hiyo kwa sasa hana, ila Alhamisi anategemea mzigo. Nitarudi Alhamisi.

Msomaji wenu, fundi cherehani, Morogoro