Mwenye miunganisho mingi siye lazima daraja

Ukichora mtandao wa nani anawasiliana na nani kazini, je, mwenye miunganisho mingi zaidi ndiye ambaye akiondoka shirika litakwama? Hapana, si lazima awe yeye. Angalia ni mara ngapi mtu yuko kwenye njia fupi kabisa inayounganisha wengine wawili. Kipimo hicho mwanasosholojia Linton Freeman alikieleza rasmi mwaka 1977. Karani anayeongea na watu wawili tu, mmoja wa ghala na mmoja wa uhasibu, anaweza kuwa daraja pekee kati ya idara hizo. Akienda likizo, maombi yanalala mezani. Bosi mwenye watu 40 chini yake, kama wanaongea wenyewe kwa wenyewe, hata asipoonekana wiki nzima kazi inasonga (wengine watasema inasonga zaidi).

Ila data imetoka wapi? Ukichora mtandao kwa barua pepe peke yake, simu na maongezi ya korido hayaonekani, utadhani mtu ni daraja pekee kumbe kuna njia ya panya. Mimi huwauliza pia wahusika: "Ukikwama unamwendea nani?" Kisha nafuta jina moja moja kwenye mchoro nione wapi unakatika vipande.