Nimemeza dawa tangu 2011, nikaja kuponzwa na kidonge cha kiungulia

Dada mmoja wa Unguja kaniandikia juzi usiku. Ana mimba ya miezi minne, anatumia ARV, zile dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na kliniki ya wajawazito wamempa vidonge vya kuongeza damu. Aliuliza jambo moja tu: "Dada, navimeza vyote pamoja au nifanyeje?" Akaongeza kwamba aliona haya kumuuliza nesi, maana nesi mwenyewe ni jirani wa mama yake. Ujumbe ule niliusoma mara tatu. Swali lake ndilo ambalo mie sikuliuliza, na kutouliza kwangu kumeniondolea usingizi miezi mitatu mizima.

Jawabu nilimpa palepale na nitalirudia huku chini. Kwanza nataka asikie yaliyonifika.

Mie ni mtu wa Wete, Pemba. Dawa nilianza 2011, wiki mbili baada ya kumzika mume wangu. Kidonge changu cha wakati ule kilikuwa na efavirenz ndani. Unameza ukienda kulala, na ndoto zake wallahi sizisimulii. Baadaye nikahamishiwa TLD, hiki cha sasa ambacho wengi wetu tunacho: Tenofovir, Lamivudine na Dolutegravir, dawa tatu ndani ya kidonge kimoja, mara moja kwa siku. Tanzania ilianza kuwahamishia watu huko 2019. Mwaka mmoja kabla, wanawake tulitishwa kwamba Dolutegravir inaharibu uti wa mgongo wa mtoto tumboni. Uchunguzi ukaendelea, hofu ikapungua, na 2019 hiyohiyo Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa wanawake wote, wenye mimba wakiwemo. Kwa hiyo mdogo wangu, kidonge chako usikiogope. Mtoto wako anakihitaji kama unavyokihitaji wewe.

Miaka yote hiyo kipimo changu cha wingi wa virusi kilirudi kizuri, chini ya nakala 50 kwa mililita ya damu, wanasema havionekani. Nikawa naitwa kliniki kuzungumza na waliopimwa karibuni. Nimekaa na wasichana waliokuja wakilia, wakaondoka wanajua wataolewa na watazaa. Najivunia kazi hiyo. Nilipewa dawa za miezi sita kwa mkupuo, kwa sababu niliaminika.

Baada ya Idd el Fitri nikatoa damu ya kipimo cha mwaka. Siku niliyoitwa nilijua kuna jambo, maana majibu mazuri hawakupigii simu. Nakala 840. Mtoa huduma akalitazama faili, akanitazama mie, akasema, "Hata wewe?"

Maneno mawili tu, lakini mpaka leo yananichoma. Hakuuliza nini kimenifika. Alishakata shauri kwamba nimeacha dawa. Na mie mwaka ule sikuwa nimekosa hata siku moja. Kila magharibi nilipofungua kinywa kwa tende, kidonge kilifuata. Nikarudi nyumbani, nikakaa ukumbini na buibui langu mwilini mpaka giza likaingia.

Aibu hii ya kumuuliza nesi naijua kwa undani. Zamani, mwaka wa pili wa dawa, katika kituo nilichokuwa nikienda, mtu alisimama mlangoni akaita kwa sauti, "Wa dawa zile, upande huu!" Nilikuwa nimekaa karibu na mwanamke wa mtaani kwetu. Hapakufika alasiri, wifi yangu alikuwa na habari. Vikombe vyangu vya chai vikatengwa na vya wengine. Basi nikahamisha kadi Unguja, nikawa nafuata dawa kwa boti kutoka bandari ya Mkoani. Nauli kwenda na kurudi, uongo wa safari kila mara. Mwaka mmoja kusi likachafuka, boti haikuondoka, na mie kopo limeisha. Siku nne nilikaa bila dawa. Baada ya hapo nikarudisha kadi Pemba, liwalo na liwe. Wifi yangu hatusemezani mpaka leo, na sina haja ya kusemezana naye.

Kilichoniokoa ni nesi mwengine, mama mtu mzima, aliyepewa kazi ya kukaa nami vikao vitatu vya ushauri. Hakuniuliza kama nameza dawa. Alisema, "Nambie siku yako nzima. Kila kinachopita kinywani, tangu daku mpaka daku." Nikaanza: daku wali na maziwa, futari tende, uji wa pilipili manga, muhogo wa nazi, tambi, sambusa mbili. Kidonge changu. Halafu nikasita.

"Na kile cha kiungulia?" Sikumbuki kama aliuliza yeye au nilijisemea mwenyewe. Nikafungua pochi. Ndani mlikuwa na kipakiti cha plastiki chenye vidonge vya magnesiamu, vile vyeupe vya kutafuna vyenye harufu ya nanaa, vimesuguana mpaka mshono wa pochi umejaa unga kama chaki. Tangu msimu wa karafuu nilikuwa navitafuna karibu kila jioni, viwili, dakika chache baada ya ARV. Nilivinunua dukani kama ninavyonunua kibiriti. Havikunijia akilini kuwa ni dawa.

Nesi akakimimina kipakiti juu ya meza, akavitenga vidonge kwa kidole kimoja kimoja. Akanieleza kwamba Dolutegravir ikikutana tumboni na magnesiamu au alumini zinashikana, na ikishashikwa haipiti kuingia kwenye damu. Unameza kila siku, lakini sehemu kubwa ya dawa inatoka kama ilivyoingia. Kalsiamu, chuma na zinki zina tabia hiyohiyo.

Miaka yote nikiwafundisha wenzangu kushika saa. Hili sikuwahi kumfundisha mtu, maana nilijiona nimeshajua.

Sasa jawabu lako, dada wa Unguja, na wengine walio kama wewe. Vidonge vya damu vina chuma. Meza ARV kwanza, ukae saa 2, ndipo umeze cha damu. Ukiwa umeanza na cha damu, subiri saa 6 kabla ya ARV. Kama hesabu hizo zinakuchanganya, vimeze vyote pamoja na chakula, chakula hasa, siyo chai kavu, na hapo havidhuriani. Kalsiamu ni hivyohivyo. Ila dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini chakula hakizisaidii. Hizo lazima uziachanishe kwa saa hizo nilizozitaja. Usiache cha damu kwa kuogopa, wala usiache ARV kwa ajili ya cha damu.

Mie nimehamisha saa yangu. Nameza kabla ya adhana ya alfajiri, mwaka mzima. Ramadhani saa haibadiliki, maana wakati huo nipo kwenye daku, na kiungulia cha futari kikija kidonge kimeshafanya kazi yake zamani. Wapo wanaoruka dawa mwezi mzima kwa sababu ya saumu. Jamani, kidonge ni kimoja kwa siku, na usiku wote ni wako. Hakuna saumu inayokulazimisha kukiacha. Ukisahau, ukikumbuka tu meza, isipokuwa kama zimebaki chini ya saa 4 kufikia cha pili, basi ngoja hicho. Usimeze viwili kwa pamoja kulipa deni.

Na mambo mengine ya dukani tuyaangalie. Msimu wa karafuu migongo inauma, watu wanameza diklofenaki kama njugu. Tenofovir inapita kwenye figo, na dawa hizo za maumivu zikizidi zinazielemea figo hizohizo. Mwenye kisukari anayetumia metfomini amwambie daktari kwamba yupo kwenye TLD, maana kipimo chake kwa siku kisizidi miligramu 1000. Anayeanza dawa za kifua kikuu zenye rifampisini ataongezewa Dolutegravir iwe mara mbili kwa siku. Akificha, TLD peke yake haimtoshi. Na mwenye homa ya ini aina ya B ajue kuwa ndani ya TLD mna dawa mbili zinazoizuia hiyo pia. Akiacha ghafla, ini linaweza kuwaka.

Kopo nalo. Najua linavyogonga ndani ya mkoba, kila mwenye kadi anaijua sauti ile. Nilikuwa namimina vidonge kwenye mfuko wa nailoni, na kwa joto letu la pwani vikalowa jasho, vikaanza kumomonyoka pembeni. Kisha nikawa najaza pamba koponi, nesi akanikataza, pamba inavuta unyevu. Sasa kopo linabaki lilivyo, na kile kipakiti chake cha kukausha ndani, nalifunga kwenye kanga. Haligongi.

Dada zangu, kaka zangu, nisikilizeni. Jirani mfiche, wifi mfiche, hiyo ni haki yako na hakuna wa kukulaumu. Anayekupa dawa usimfiche kitu. Vya duka, vya kliniki nyingine, vya mganga, majani, unga wa kuongeza nguvu, vyote mtajie. Kombe, yale maji ya aya za Kurani, kunywa ukipenda, lakini anayekwambia uache ARV kwa ajili ya kombe mkimbie. Hospitali wakikuaibisha, shitaki, au hama kituo, lakini usihame dawa. Mie nilinyamaza kuhusu vidonge vya kutafuna, vinavyouzwa hata kwa mtoto, kwa sababu tu nilizoea kunyamaza.

Wiki iliyopita majibu yalirudi: havionekani. Alhamdulillahi. Yule wa "hata wewe" alinipa mkono wa hongera, nikaupokea.

Mdogo wangu wa Unguja, kesho nenda. Kama aibu imekushika na jirani wa mama yako ndiye aliyekaa pale, andika majina ya vyote unavyomeza kwenye karatasi, mkabidhi, usiseme neno. Yangu ipo mpaka leo, nimeikunja ndani ya kadi ya kliniki. Mstari wa mwisho umeandikwa kwa mkono wa yule nesi mama: magnesiamu, jioni, siyo pamoja.