Mwanangu, kuhusu kichwa cha Goliathi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema tangu mhamie huko Dodoma, umeme ukikatika mjukuu wangu anang'ang'ania kanga yako na hata chooni haendi peke yake, na kwamba umeanza kumsimulia Daudi na Goliathi kila jioni ili apate moyo. Sasa unaniuliza: umfikishe mpaka pale Daudi anapomkata yule jitu kichwa, au uishie kwenye jiwe, kama anavyotaka mkwe wangu?

Nitakujibu. Ila unajua nisemavyo siku zote: mtoto apewe hadithi nzima. Na hadithi nzima haianzi kwenye jiwe. Je, umemwambia kwamba Goliathi alitoka kutukana asubuhi na jioni kwa siku 40, na jeshi zima lilikuwa likimkimbia? Umemwambia kwamba Sauli, aliyewapita watu wote kwa urefu, naye aliogopa? Daudi hakuja kupigana. Alitumwa na baba yake kuwapelekea kaka zake bisi na mikate 10, na jemadari wao jibini 10, na kaka yake mkubwa akamkaripia mbele za watu. Akavishwa mavazi ya vita ya mfalme, akashindwa kutembea, akayavua. Na kombeo si manati. Watoto wa mjini wanadhani ni mpira na kijiti. Mwambie ni kamba iliyosukwa, inazungushwa juu ya kichwa, kama ile babu yako aliyofukuzia ndege kwenye mtama. Mtoto akijua kwamba watu wazima nao walitetemeka siku 40, hataona aibu kushika kanga yako.

Wewe unauliza ya Daudi, lakini mimi tangu nisome ujumbe wako ni ya chombo tu inayonijia. Unajua kwa nini.

Mwaka ule wa msiba wa baba yako mdogo, wewe ulikuwa na miaka 4, kaka yako 8. Jumapili nilikuwa nimewafundisha watoto pale kanisani Yesu alivyotuliza dhoruba. Nikapanga mabenchi yakawa mtumbwi, wengine wakapuliza wakawa upepo, na kwa kuwa kaka yako alikuwa na sauti, nikampa awe Yesu. Akasimama, akanyoosha mkono: “Nyamaza, utulie!” Darasa lote kimya. Nilitembea kurudi nyumbani nimefurahi sana, mwanangu. Niliona nimewapa watoto wa wavuvi kitu cha kushika.

Siku mbili baadaye baba yako na mdogo wake walitoka, kila mmoja na chombo chake. Lilikuwa giza, ndio wakati wa dagaa, na ilikuwa kiangazi, miezi ya upepo wa kusini. Unakumbuka karabai zilivyoonekana kutoka mlangoni kwetu hapa Katonga, Kigoma, kama mji uliojengwa juu ya maji. Kaka yako alikuwa na desturi ya kuzihesabu kabla ya kulala. Usiku ule alihesabu 31. Upepo ukaanza, akahesabu tena, 18. Baadaye sikumsikia akihesabu. Nilitoka nikiwa nimekubeba mgongoni, nikamkuta mwaloni, maji yamemfika magotini, mkono ameunyoosha mbele, sauti imekauka. Sijui alikuwa amesimama pale kwa muda gani.

Alfajiri upepo ulikata. Baba yako alirudi, yeye na wenzake wakichota maji kwa ndoo kuyatoa chomboni. Baba yako mdogo tulimpata siku ya tatu.

Kwenye msiba, chini ya turubai, kaka yako alimwendea mzee mmoja wa kanisa akamwuliza kama alisema vibaya. Yule mzee akamjibu, “Ungekuwa na imani, upepo ungekusikia.” Nilikuwa hatua mbili kutoka pale, nimeshika sinia la chai. Nilisikia kila neno. Sikusema kitu. Nikaendelea kugawa chai.

Yule mzee nilishamsamehe, na amekwisha kufa. Lile sinia bado nalibeba.

Baba yako hakunilaumu kwa kunyamaza. Alinilaumu kwa jambo jingine, na alilisema mara moja tu: “Ulimpa mtoto kazi ya Mungu.” Nilikasirika wakati ule. Nilidhani anakataa Neno. Ilinichukua miaka kuona kwamba alikuwa amesoma Marko 4 vizuri kuliko mimi mwalimu. Ndani ya kile chombo Yesu ni mmoja. Sisi wengine wote ni wale wanafunzi, na sehemu yao ilikuwa kwenda shetri, kule nyuma ya chombo, kumtikisa aliyelala juu ya mto wa kulalia, na kumwambia, “Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?” Petro na Andrea, Yakobo na Yohana, hao walikuwa wavuvi, wanalijua lile ziwa, na waliogopa. Wakaogopa wakaenda kumwamsha. Hiyo ndiyo sehemu ya mtoto, na mimi sikuifundisha kabisa. Niliwafundisha watoto kuukemea upepo.

Najua utasema: lakini Yesu mwenyewe aliwauliza mbona wamekuwa waoga. Ndiyo, aliwauliza. Nimepigana na mstari huo. Angalia tu utaratibu wake hapo kwa Marko: kwanza aliutuliza upepo, ndipo akawauliza. Hakusema “aminini kwanza”. Sijui kama wachungaji wangekubaliana nami. Mimi nimeshikilia hapo.

Kaka yako alikataa kabisa kuisikia hadithi hiyo kwa miaka karibu mitatu. Halafu jioni moja, nikichambua dagaa, alikuja na Biblia kidole kikiwa kwenye mstari. “Mama, soma hapa. Na vyombo vingine vilikuwako pamoja naye.” Nilikuwa nimefundisha sura ile sijui mara ngapi, sikuwahi kuwaona watu wa vyombo vingine. Akaniuliza, “Hao walifika wote?” Ningeweza kumtengenezea jibu. Nikamwambia haikuandikwa, na mimi sijui. Akakaa chini, akaanza kuchambua dagaa pamoja nami, na usiku ule akasali mwenyewe bila kuambiwa. Mpaka leo nikikumbuka alivyokaa chini pale moyo wangu unacheza.

Ndiyo maana nasema mtoto apewe hadithi nzima. Ila, hebu ngoja, mjukuu wangu ana miaka 6. Wewe ulipokuwa na miaka 6 nilikuficha mambo mengi, na hukuharibika. Labda kuna nzima ya miaka 6 na nzima ya miaka 11. Labda mkwe wangu analiona hilo kuliko mimi, maana ndiye anayeamka mtoto akilia usiku.

Basi kuhusu kichwa. Mtoto ni wenu, mimi siamui nyumbani kwenu. Mimi ningekisema, kwa sentensi moja, bila kukirembesha, maana mtoto akijua jitu lilianguka tu atalala akiwaza kwamba litaamka. Lakini nimesema siamui. Afadhali uanze na ile ya chombo, na umeme ukikatika asiambiwe “usiogope”. Mwambie amwamshe Yesu, hata kwa kelele. Akikuamsha na wewe, amka.

Ya baba yako mdogo usimsimulie wewe. Muulize kwanza kaka yako. Hadithi hiyo ni yake.

Nimewawekea dagaa kilo tatu na chupa ya mawese, nitawatumia kwa treni. Huyo mtoto mleteni mwezi wa 12, lakini tazameni kalenda, aje wakati wa giza, si mbalamwezi. Siku hizi wanatumia taa za betri, nyeupe sana, ila bado zinahesabika kutoka mlangoni. Kaka yako amesema atakuja ahesabu naye.

Mama yako