Maswali ya Wasomaji: Kompyuta ya marehemu baba imekataa kuwaka

SWALI: Habari fundi. Baba alituacha mwaka jana, na juzi tukipanga vitu vyake hapa Buru Buru tukapata kompyuta aliyokuwa anasafiri nayo, imeandikwa TRS-80 Model 100, iko na kibodi kamili na kaskrini kembamba. Alikuwa mwandishi wa habari na stori zake alikuwa anaandikia hapo. Nimeweka mawe manne mapya, yale ya remote, na haionyeshi kitu. Iko na adapta ya Marekani lakini hiyo sijachomeka. Fundi mmoja wa barabara ya Luthuli ameniambia nitupe ninunue laptop. Inaweza kupona? Na zile stori bado ziko ndani?
Binti wa Mwandishi

JIBU: Pole sana dadangu kwa kumpoteza mzee. Usitupe hiyo kitu, tafadhali. Na umefanya vizuri sana kutochomeka hiyo adapta, manake ni ya umeme wa volti 120 na wetu hapa ni 240, ingeungua hapo hapo. Hata ukinunua ingine ya volti 6 lazima mtu aipime na mita kwanza, hii mashine inataka hasi ikae katikati ya pini na chanya nje, na adapta nyingi za dukani ziko kinyume. Mawe yanatosha, manne mapya yanaenda kama masaa 20.

Kabla hujafungua chochote, igeuze uangalie chini, kuna kaswichi kameandikwa MEMORY POWER, kakiwa OFF mashine haifanyi kazi. Alafu pembeni kuna kagurudumu ka DISP ka kuongeza wino wa skrini, kazungushe polepole mpaka mwisho pande zote mbili, watu wengi wamedhani mashine imekufa kumbe ni hapo tu. Ikiwa mzima utaona menyu na majina kama BASIC, TEXT na TELCOM.

Ikikataa bado, basi nenda kwa shida yenyewe. Ndani, mbali na hayo mawe unayobadilisha, kuna kabetri kadogo ka kuchaji ka volti 3.6 kamechomelewa kwa bodi. Hako ndiko kalikuwa kanashika kumbukumbu mzee akizima mashine. Model 100 ilitoka 1983, na betri za aina hiyo, nikeli na kadimiamu, zikizeeka zinatoa maji yanayokula zile njia za shaba za bodi, na yanaendelea kula hata mashine ikiwa kabatini, kwa hivyo hii ni kazi ya wiki hii, si ya Desemba. Skrubu ni nne tu chini, lakini usivute kifuniko kwa nguvu kwa sababu skrini imeunganishwa na bodi kwa utepe wa nyaya. Kabetri kakatwe katolewe. Ukiona ukungu wa kijani au bluu, paka siki nyeupe kidogo na mswaki wa zamani, siki inaua makali ya hayo maji, alafu safisha na maji yasiyo na chumvi, alafu spiriti ya isopropili ile mafundi wa simu wanatumia. Sio thina, thina inayeyusha plastiki. Iache ikauke kabisa.

Kapasita pia zibadilishwe, zile za mkebe mdogo, zinavuja na wakati mwingine ukizigusa na chuma cha lehemu kikiwa moto unasikia harufu ya samaki. Mpya ziwe na mikrofaradi zile zile, volti zile zile au zaidi, na upande wa hasi usigeuzwe. Fundi wa redio mwenye mkono mtulivu anaiweza hii kazi vizuri kuliko mtu wa laptop, muulize tu kama amewahi kubadilisha kapasita, asikuuzie maneno.

Sasa stori. Hapa nitakuambia ukweli hata kama unauma. Hiyo mashine haina diski, kila alichoandika mzee kilikaa kwa RAM, kumbukumbu inayofutika umeme ukiisha, na RAM ilikuwa inaishi kwa hako kabetri. Kakiisha na mawe yakiisha, maneno yanaenda. Zilizokuwa ndani zimeshapotea. LAKINI hizi mashine zilikuwa zinahifadhi kazi kwa kaseti za kawaida, zile za muziki! Rudi kwa maboksi uangalie kila kaseti, hata isiyoandikwa kitu. Ukicheza na usikie mlio mkali wa kukwaruza badala ya sauti ya mtu, simamisha, usirudie rudie, utepe wa zamani unakatika. Irekodi mara moja kwa kompyuta, faili ya WAV, utunze, na mashine ikipona sauti hiyo hiyo unairudisha ndani kwa waya na inasoma maandishi. Hata kwa herufi 40 kwa mstari na mistari 8 tu, utamsoma mzee vile alivyoandika. Ukipata hata moja niandikie.

SWALI: Laptop yangu ya zamani ya DOS kila nikiwasha inasema ni Januari 1980. Ni virusi?
Msomaji, Umoja

JIBU: Hapana kaka, 1980 ndio mwaka DOS, ile programu ya zamani ya kuendesha kompyuta, inaanzia ikikosa saa. Kabetri ka saa kamekufa. Fungua ukatoe leo kasije kakavuja kama kale ka hapo juu, mengine tutaongea.