Kura ya maoni ukiwa Doha

Dada yangu, umeuliza kama Mkenya aliye Doha, Qatar, ana haki katika kura ya maoni, au kazi yetu ni kubishana WhatsApp na shemeji walio nyumbani. Haki unayo. Sisi wa ughaibuni tunaruhusiwa mambo mawili tu: kumchagua rais na kupiga kura ya maoni. Katiba ilipopitishwa kwa kura ya maoni tarehe 4 Agosti 2010 hatukuwa na kituo hata kimoja cha kupigia kura nje, na iliniuma sana. Qatar ilikipata 2022. Basi angalia pasipoti yako isiishe muda, na IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, ikifungua usajili ujiandikishe mapema. Kuhusu mabishano, soma kwanza kifungu chenyewe kinachopigiwa kura, kisha mpigie mama. Yeye ndiye atakayeishi nacho kila siku.