Mkuu hilo gari liache Morogoro (kuhusu parking ya Keko siku ya derby ya Simba na Yanga Uwanja wa Mkapa, Dar)

Mkuu usithubutu. Umeuliza tiketi, lodge, pa kula, na kama ni sawa kuliacha gari kwa yule jamaa wa Keko aliyekwambia yadi yake ni "dakika tano tu mpaka getini". Nimefika hapo pa dakika tano nikaacha kazi niliyokuwa nafanya, maana hayo maneno nimeshaambiwa mimi, siku ya Simba na Yanga, nikayaamini.

Kwenda ni dakika tano kweli, hakudanganyi. Kasheshe ni kutoka. Uwanja ule unameza watu 60,000 na kuingia wanaingia kidogo kidogo, kuna wanaofika asubuhi na kuna wanaofika mchana, ila filimbi ya mwisho ikilia wote wanamwagika kwa mpigo na barabara ni zile zile, Taifa, Mandela, na upande wa pili Kilwa Road pale Uhasibu. Na Mandela ndo barabara ya malori ya bandarini kwenda Ubungo, yale hayajui kama kuna derby. Sasa weka humo daladala, bajaji, boda, na watu wanaotembea katikati ya lami wanaimba, halafu wewe uko ndani ya uchochoro na familia kwenye gari unataka kurudi Moro usiku huo huo.

Aliyenipokea mimi alikuwa muungwana sana kabla sijalipa. "Bosi ingiza mpaka ndani kabisa, ndani ndo kuna usalama." Shika hapo mkuu, hapo ndo hela yangu ilipoondokea. Ukiingia ndani kabisa kila gari linalokuja baada yako linakaa mbele yako, na yeye anaendelea kupokea hela na kujaza mpaka mlangoni. Mpira umeisha nafika pale magari yamebanana kama dagaa kwenye fungu, wenye magari ya mbele bado wako baa wanashangilia, aliyepokea hela hapatikani kwenye simu, aliyebaki ni dogo mmoja ambaye hata funguo za geti hana. Nimekaa mpaka usiku mkubwa. Magari ya mbele yanatoka, namulika na simu nione kama napita, ndo naona vioo vya pembeni vyote viwili havipo na swichi ya pawa windo ya dereva imeng'olewa, na hiyo ndo sehemu aliyosema ina usalama!! Barabara ya Moro usiku bila saiti mira huendi popote, tukalala kwenye gari na watoto, asubuhi nikaenda Gerezani kutafuta vioo, na muuzaji akishaona gari lako halina vioo bei anayokutajia hushindani naye. Anayetaka kucheka acheke, ila kwa ile hela ningewakalisha ukoo mzima VIP.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba yule mtu alijua. Anakaa pale, kila derby anaona watu wanavyokwama. Angesema tu "kaka hapa hutoki kabla ya saa sita" ningeamua mwenyewe, nina akili zangu. Kaona sura ngeni na watoto nyuma, kachukua hela kanyamaza.

Kwa hiyo gari lisifike Chang'ombe wala Keko wala Temeke siku ya mechi kubwa, sijui umeahidiwa nini. Treni ya umeme ya SGR ya Moro ipo tangu Juni 2024, inakushusha Stesheni mjini, hapo bajaji inakufikisha uwanjani. Angalia ratiba ya kurudi, kama treni ya mwisho haikusubiri basi lala urudi kesho yake. Kama gari ni lazima, umebeba mzee au mgonjwa, liache Kimara kwa ndugu, panda mwendokasi mpaka Gerezani. Mpira ukiisha msikimbilie geti, kaeni kwenye viti vyenu watu wapungue ndo mtoke, hasa kama una watoto.

Na usimlipe mtu kitu mapema. Derby ya 8 Machi 2025 iliahirishwa siku yenyewe, watu wa mikoani wameshatua Dar, na mtu wa yadi hata siku moja hakurudishii kisa mechi haijachezwa.

Tiketi hakikisha N-Card (ile kadi ya tiketi ya kuingilia uwanjani) unayo kabla ya siku, na kama ni mzunguko (viti vya bei ya chini) wahi. Lodge na msosi wadau wa Temeke watakujibu.

Huyo wa Keko kama hujamtumia hela usitume. Kama umeshatuma advansi mpigie leo hii mwambie safari imebadilika, akianza kukuzungusha mwachie, itakuwa ndogo kuliko bei ya kioo kimoja.