Unga Sakafuni, Watoto Jikoni

Safu hii imepokea barua nyingi kutoka kwa wazazi na walezi wanaooka nyumbani huku watoto wadogo wamewazunguka. Nimechagua chache, nimezifupisha, na majina ya walioandika nimeyaacha. Waliouliza namna ya kupamba keki za harusi watanisamehe. Hayo ni ya mafundi, nami leo nazungumza na wale ambao kipimo chao ni kikombe cha chai na wasaidizi wao hawajamaliza kuota meno.

Shangazi, shikamoo. Nina watoto wawili, wa kike ana miaka sita na wa kiume miaka mitatu. Kila Jumapili nikitoa bakuli wanakimbilia jikoni, na kila mmoja anataka kukoroga. Naipenda sana saa ile, kwa sababu siku nyingine narudi kutoka kazini wakiwa wameshalala. Lakini keki hutoka ngumu na yenye mashimo, na mume wangu anasema tunaoka matofali. Niwashirikishe vipi bila kuharibu unga? — Mama wa wawili, Temeke, Dar es Salaam

Marahaba, mwanangu. Usiwatoe jikoni, badilisha kazi unazowapa, na mara nyingine badilisha unachooka.

Unga wa ngano una protini ambazo zikipata maji na kukorogwa hushikana na kuwa nyuzi zinazovutika, ziitwazo gluteni. Nyuzi hizo ndizo zinazoupa mkate na maandazi nguvu ya kubeba hewa, lakini katika keki hazitakiwi kwa wingi, na ndiyo sababu waokaji husema kwamba ukishatia unga, koroga mpaka ukavu wake usionekane, basi. Watoto wawili wanaopokezana mwiko, kila mmoja akidai zamu yake haijaisha, watakoroga zaidi ya inavyohitajika, na yale mashimo marefu unayoyaona ukikata keki ndiyo alama yake. Kwa hiyo wape kazi zinazotangulia unga: kuchekecha, kupaka siagi ndani ya chombo, na hasa kupiga siagi na sukari, kazi ambayo wataichoka wenyewe kabla hawajaiharibu. Unga ukishaingia, mwiko urudi mkononi mwako.

Ningependa zaidi, hata hivyo, uchague vyakula vinavyopenda mikono mingi. Unga wa maandazi hauna kinyongo na mtoto, kwani kadiri anavyoukanda ndivyo unavyolainika. Wewe utabaki na mafuta ya moto peke yako. Vileja ni bora kuliko vyote, kwa kuwa unga wa mchele hauna gluteni kabisa, na mtoto akiufinyanga mara kumi hautakuwa mgumu kwa sababu yake. Chukua unga wa mchele nusu kilo, samli robo kilo, sukari laini robo kilo au pungufu, mayai manne na iliki iliyotwangwa. Piga samli na sukari, tia mayai moja moja, kisha unga na iliki, ukandwe mpaka ushikane. Wa miaka mitatu afanye viduara kwa viganja, wa miaka sita avibonyeze kwa uma na kuvitia nukta ya rangi katikati. Vya mdogo vitakuwa vya kila ukubwa, basi panga vikubwa kwenye trei moja na vidogo kwenye nyingine, ili vidogo visiungue wakati vikubwa bado vibichi. Moto uwe wa wastani, na uviepue chini vikianza kupata rangi ya dhahabu hata kama juu bado ni vyeupe.

Jambo jingine ni kwamba mtoto hutambua upesi kama amepewa kazi au amepewa kitu cha kumnyamazisha. Ukimkatia donge la unga akachezee pembeni, baada ya dakika mbili atakuwa amerudi mezani, na ana haki. Mwache avunje yai, lakini alivunjie katika kikombe cha peke yake ili uweze kuokota vipande vya ganda kabla halijaingia kwenye bakuli. Binti yako wa miaka sita mpe kikombe cha robo na umwambie unahitaji kikombe kimoja na nusu cha unga. Akifika mara sita bila kusaidiwa, umemfundisha sehemu ambazo darasani atazikuta baadaye. Kitu kimoja tu uwakataze wote wawili bila huruma, nacho ni kulamba unga mbichi. Mayai mabichi yanaweza kuwa na vijidudu vya salmonela, na unga nao haujapitishwa kwenye moto wa kuua vijidudu, hata kama pakiti yake ni nzuri namna gani.

Shangazi, shikamoo. Mimi ni baba wa mabinti watatu, na keki ya Jumamosi ni yetu sisi, mama yao hupumzika. Vipimo nilipewa na dada yangu aliyeko Tanga, na kwake keki hupanda vizuri. Kwangu huumuka haraka, watoto wakashangilia kwenye kioo cha oveni, halafu hubonyea katikati. Nimebadilisha unga, nimebadilisha mayai. — Baba, Mbeya

Marahaba, baba. Mayai hayana hatia, na watoto wachungulie watakavyo ilimradi wasifungue mlango wa oveni. Kilichobadilika ni mlima. Tanga iko usawa wa bahari, ilhali Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi, mahali ambapo kanieneo ya hewa ni ndogo na maji huchemka kwenye nyuzi 94 badala ya 100. Hewa inayotolewa na beking pauda hupanuka zaidi huko juu, hivyo keki hupanda kabla mwili wake haujakaza, vipovu hupasuka, na katikati huanguka.

Punguza beking pauda kwa robo: dada yako akisema vijiko viwili vya chai, wewe weka kimoja na nusu. Hilo peke yake huenda likatosha. Lisipotosha, Jumamosi inayofuata punguza sukari kwa kijiko kikubwa kimoja katika kila kikombe cha sukari, ongeza maziwa vijiko vikubwa viwili au vitatu, na uongeze moto wa oveni kwa nyuzi 10. Ninakuomba ubadilishe hatua kwa hatua na mmoja wa mabinti aandike daftarini kilichofanywa na keki ilivyotoka, kwa sababu mtakapopata vipimo vyenu vya Mbeya mtataka kuvikumbuka. Wasomaji wa Iringa, Nairobi na Kigali nao wajihesabu humu.

Assalaam alaykum, mwanangu. Nilizaliwa Unguja na nimezeekea Muscat. Wajukuu huja kwangu kila Ijumaa baada ya sala, na wanachokitaka ni mkate wa kumimina. Marehemu mama aliupika kwa makaa juu na chini; mimi nina oveni ya umeme na mashine ya kusagia. Siku moja hutoka mzuri, siku nyingine mchachu, au chini umeungua na juu mweupe. Na wajukuu wanataka kusaidia; mkubwa ana miaka minane. — Bibi, Muscat

Waalaykum salaam, Bibi, na shikamoo. Naona haya kumweleza mzaliwa wa Unguja mkate huu, kwa hiyo yapokee kama maneno ya mtu anayekaa jikoni pamoja nawe.

Roweka mchele vikombe viwili usiku wa Alhamisi. Asubuhi mwaga maji, kisha saga na tui zito kikombe kimoja na nusu, iliki, na hamira kijiko kimoja cha chai. Mashine isage mpaka rojo liwe laini kabisa, na hapa ndipo kazi ya mjukuu inapoanza: achukue tone na kulisugua kati ya vidole, na akisikia chembe hata moja mrudie kusaga. Vidole vya watoto ni vyepesi kuliko vyetu kwa jambo hili. Sukari, robo tatu ya kikombe, itie mwishoni. Tui liwe vuguvugu tu, kwani hamira hufa joto likikaribia nyuzi 60. Kidole kikistahimili bila kuona joto kali, tui linafaa.

Uchachu unaoulalamikia hutoka, nadhani, kwenye saa. Vipimo vya nyumbani Unguja husema uache rojo saa moja, lakini jikoni pa Muscat mwezi wa Juni rojo linaweza kuwa tayari mapema zaidi, na ukiwa umewasha kiyoyozi linaweza kuchelewa. Liangalie rojo, usiangalie saa. Tumia bakuli la kioo na mwache mkubwa abandike kipande cha utepe nje yake pale rojo lilipofika, halafu kingine juu yake, mahali ambapo litakuwa limeongezeka kwa nusu. Wadogo walinde bakuli na wakuite likifika utepe wa juu. Hakuna mlinzi wa bakuli aliye mwaminifu kama mtoto aliyeahidiwa kukatiwa kipande cha kwanza.

Likishaumuka, piga ute wa yai moja mpaka uwe povu na uuchanganye taratibu, mara chache tu. Kabla ya kuumuka watoto wakoroge wapendavyo, kwa kuwa mchele hauna gluteni ya kukaza. Baada ya kuumuka, kila mzunguko wa mwiko unatoa hewa mliyoingojea.

Kuhusu kuungua, tafuta kikaangio kizito kisicho na mpini wa plastiki, ili kiweze kuingia ndani ya oveni. Washa oveni mapema, nyuzi 180. Pasha kikaangio juu ya jiko, paka samli, mimina rojo, na mara hiyo shusha moto uwe mdogo kabisa. Usifunike. Subiri mpaka kingo zianze kushika na vitundu vitokeze juu, kisha kihamishie ndani ya oveni, moto wa juu ukiwa umewashwa. Makaa ya mama yako juu ya mfuniko yalifanya kazi hiyo hiyo. Chomeka kijiti katikati. Kikitoka kikavu na uso umepata rangi, epua na uache upoe kabla ya kukata. Dakika hizo za kungojea upoe ndizo ngumu kuliko zote, na ni vyema kuwa na hadithi tayari.

Bi Shangazi, salaam. Sina oveni. Naoka kwenye sufuria kwa makaa. Je, ni salama mtoto wa miaka minne kuwa karibu? — Mama, Likoni, Mombasa

Salama, mama. Wengi wetu tulikula keki za namna hiyo na hazikuwa na upungufu wowote. Weka mchanga mkavu chini ya sufuria kubwa, chombo cha keki juu yake, funika kwa mfuniko bapa, palia makaa mengi juu na uache machache chini. Mtoto awe nawe wakati wa kuchanganya, lakini jiko likishawashwa mchoree duara kwa chaki, hatua mbili kutoka kwenye jiko, na duara hilo asilivuke hata kwa kuchukua mpira. Oka nje au barazani penye upepo. Makaa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu ambayo katika chumba kilichofungwa huua, na jiko lisiingizwe chumbani hata kama mvua inanyesha na keki haijaiva. Keki iachwe iharibike.

Shangazi, mwanangu wa kiume ana miaka saba na anapenda kukanda unga kuliko mpira. Mama mkwe wangu anasema namharibu. — Mama, Tabora

Mwenye mashaka aende alfajiri kwenye tanuri la mikate la mjini akatazame ni nani wanaokanda. Katika matanuri mengi niliyoyaona ni wanaume, na mama mkwe hula mkate wao bila kusita. Huna haja ya kubishana naye, kwani ni mzazi wako. Mwache mjukuu ampelekee skonzi alizozikanda mwenyewe, za moto, na aulizwe zimekandwa na nani baada ya kuzila.

Shikamoo Shangazi. Kaka zake wakioka, mdogo wetu wa miezi kumi hunyoosha mikono akitaka. Nimpe? Na wakubwa wale kiasi gani? — Mama, Morogoro

Marahaba. Chochote chenye asali asipewe kabla hajatimiza mwaka mmoja, hata kikiwa kimeokwa, kwa sababu asali inaweza kubeba mbegu za kijidudu ambacho tumbo la mtoto mchanga haliwezi kukizuia na ambazo moto wa kuoka hauziui. Sukari ya kuongezwa nayo ni bora isubiri mpaka miaka miwili. Wakati wa kuchanganya, mchotee unga kidogo kabla sukari haijaingia, tia ndizi mbivu iliyopondwa, umwokee kidonge chake laini. Kuwa naye meza moja kunamtosha.

Kwa wakubwa, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2015 linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ambayo mtu huipata kwa siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Mimi hupunguza theluthi ya sukari katika vipimo vingi vya biskuti na hakuna mtoto aliyewahi kulalamika. Karanga na korosho nzima zisubiri miaka mitano kwa sababu ya kupaliwa. Mpaka hapo zisagwe.

Barua za vitumbua nimezipata zote. Zitajibiwa toleo lijalo, kwa kuwa wa Pemba na wa Mombasa wamenitumia vipimo visivyoafikiana na nahitaji nafasi ya kuwasikiliza wote.